Herufi Sita za Kashindi

Matope yakiwa mabichi usiyaguse. Jezi ikitoka uwanjani imejaa tope, mtu anayependa usafi anataka kuichovya majini hapo hapo, na hapo ndipo analisukuma tope ndani ya nyuzi. Itundike ikauke. Nenda ukanywe chai, kisha urudi na brashi kavu. Tope litadondoka lenyewe kama unga. Baada ya hapo ndipo maji. Damu ni kinyume chake: maji baridi na chumvi, mara moja, bila kungoja. Ukitumia maji ya moto umeipika, na itakaa humo mpaka jezi itupwe. Madoa ya majani yanataka sabuni ya kipande na mkono usio na haraka.

Nawaandikia nyinyi vijana wa kanisani kwetu mlioniuliza kama ni kweli nilikuwa nimeajiriwa na timu ya mpira au ni maneno ya watu. Ni kweli. Nilifua jezi za timu moja ya hapa Durban kuanzia mwaka 2008 hadi 2015, magoti yaliponikatalia. Shule yangu iliishia darasa la sita kule Uvira, kwa hiyo msitafute maneno makubwa humu. Nitaandika ninayoyajua.

Ilikuwa timu ya kulipwa, ya daraja la pili, na uwanja wetu ulikuwa kitongoji cha Chatsworth. Watu waliiita Mynah, kwa sababu ya wale ndege wa kahawia wenye mdomo wa njano waliojaa mji huu, wanaokunyang'anya mkate mkononi bila aibu. Jezi zetu zilikuwa za kahawia na maandishi ya njano. Hatukuwa wazuri sana. Kuna msimu tulifungwa mechi nyingi mfululizo hata golikipa wetu akaamua kosa ni langu, kwamba ninafua bahati pamoja na soksi zake. Akanikataza kuzigusa. Nikamwambia sawa, lakini usizilete karibu na begi la wenzako. Alizivaa wiki tano. Mwishowe mabeki wenyewe walimwomba achague kati ya bahati na wao.

Kazi haikuwa yangu mwanzoni. Ilikuwa ya mume wangu, Kashindi. Alikuwa fundi cherehani Uvira, na hapa alipata kazi ya kutunza vifaa vya timu kwa sababu siku moja alimshonea kocha zipu ya suruali barabarani, kocha akiwa amejifunika gazeti. Mimi nilimsaidia kufua nyumbani. Tulikaa kwenye flati moja mtaa wa Umbilo, ghorofa ya tatu, na jezi zote zilipita kwenye bafu letu la kuogea. Siku za baada ya mechi mtu akitaka kuoga ilibidi aziombe jezi ruhusa kwanza.

Kashindi alikuwa mwalimu mgumu. Hakupandisha sauti, alirudia tu. Panga begi kwa mpangilio wa kuvaa, alisema, cha kwanza kuvaliwa kiwe juu. Soksi zifungwe mbili mbili kwa pini kabla ya kufuliwa, la sivyo utazeeka ukitafuta wenzi wao. Usitie ile dawa ya kulainisha nguo. Hilo nililipuuza mara moja, nilitaka jezi zinukie vizuri. Kumbe ile dawa inazuia kitambaa kunywa jasho. Wachezaji walitiririka kama wametoka mtoni, na nahodha akaniuliza kama nimewafulia kwa mafuta ya kupikia.

Na la mwisho, alilolirudia kuliko yote: jezi ikaushwe kivulini, imegeuzwa ndani nje. Jua la Durban linakula rangi. Kamba yetu ilikuwa juu ya paa la jengo, na Kashindi alitandika shuka kuukuu juu ya kamba ili kuweka kivuli. Majirani walimcheka kwamba anazijengea jezi nyumba. Yeye alipanda na shuka lake, akashuka nalo.

Mwaka 2009 timu ilinunua jezi mpya zenye namba za mgongoni tu, bila maandishi, za pamba nzito, kwa sababu zilikuwa za bei nafuu. Kashindi alikata herufi kutoka kitambaa cha njano cha mapazia, akashona neno DURBAN kifuani kwa mkono. Alisema cherehani ingevuta kitambaa. Herufi sita, jezi kumi na nane. Alishona kwa mishono midogo ya mshazari, na kila mwisho wa uzi alifunga fundo mara mbili, akakata kwa jino. Nilimwambia mkasi uko hapo. Akasema jino haliazimwi na majirani. Herufi zake zilinyooka zote isipokuwa R. R yake ililala kidogo upande mmoja, kama mtu aliyechoka kusubiri taxi. Kwenye jezi zote kumi na nane ililala vilevile.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa baridi. Ilikuwa kifua, wiki tatu tu. Kombe la Dunia lilikuwa linachezwa, mji mzima unapuliza vuvuzela, na sisi tulikuwa hospitali tunasikia zile sauti dirishani. Tulimzika kwenye makaburi ya upande wa juu wa Umbilo. Wachezaji walikuja wote wamevaa jezi za kahawia. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Kocha alinipa kazi yake. Nilifanya yote aliyonifundisha isipokuwa moja. Lile shuka la kivuli lilikuwa la kitandani kwetu, na baada ya msiba sikuweza kulishika. Nikalikunja nikaliweka juu ya kabati. Nikawa ninatundika jezi juani, uso nje, ninashuka haraka. Nilijiambia zinakauka upesi, na kweli Februari hapa, kwa ule unyevu, jezi ikikaa kambani siku mbili inaota ukungu wa kijani. Lakini huo ulikuwa udhuru. Nilikuwa najua ninachofanya, na nilikifanya miaka miwili.

Sasa niwaambie kuhusu mwenye timu. Sisi tulimwita Bosi Faraji. Alikuwa mtu wa Chatsworth, wa wale wanaoitwa Wazanzibari, Waislamu ambao mababu zao waliletwa Durban zamani kutoka pwani ya kule kaskazini kunakosemwa Kiswahili. Kiswahili alichorithi kwa bibi yake kilikuwa maneno manne: hujambo, njoo, kula, lala. Alikitumia chote kila aliponiona. "Hujambo Mama, njoo, kula!" hata kama hakuna chakula popote. Mengine tuliongea Kiingereza na Kizulu, nami hapa ninayaandika kwa lugha yetu. Alikuwa na duka la vipuri vya magari, na timu ilikuwa inalimeza duka lile kidogo kidogo. Baada ya Kombe la Dunia watu walikuwa wamezoea viwanja vikubwa vyenye taa. Kwetu walikuja wachache, na wengi wao walikuja kututukana kwa mapenzi.

Jumatatu moja ya mwaka 2012 Bosi Faraji aliingia chumba cha kufulia pale uwanjani. Wakati huo tulikuwa tumepata mashine mbili, ila kukausha bado nilikausha kwenye paa letu. Hakusema hujambo. Alifunga mlango.

"Mama, naomba uzitoe hizi herufi za kifuani. Jezi zote. Ziwe tayari Jumamosi."

"Tunaweka nyingine?"

"Hapana. Ziwe tupu."

Nilisubiri. Alikuwa mtu asiyejua kunyamaza, nikajua ataendelea.

"Kuna watu wa Polokwane wanataka kuinunua timu waihamishe kwao. Wanakuja Jumamosi kutazama mechi na kupiga picha za wachezaji wawaonyeshe watu wao. Hawataki picha zenye jina la mji mwingine. Usimwambie mtu. Kocha tu ndiye anajua." Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini, "Wewe nitawaambia wakuchukue. Wana nyumba za wafanyakazi. Hutapotea."

Polokwane iko kaskazini kabisa, safari ya kutwa nzima kwa basi. Nilimwitikia ndiyo, kwa sababu ndilo neno lililokuwa karibu. Alipotoka nilikaa juu ya begi la soksi.

Nyinyi mnajua jinsi karatasi zetu za ukimbizi zilivyo. Zangu zilifunguliwa Durban na zilikuwa zinafanyiwa upya Durban, kila baada ya miezi michache, kwa foleni ya alfajiri. Kuhama kulimaanisha kurudi kila mara, au siku moja kukosa kurudi. Lakini sitasingizia karatasi. Kashindi yuko hapa. Jumapili baada ya ibada nilikuwa napanda kule juu, nang'oa majani, namsimulia tumefungwa ngapi. Timu ikienda na mimi nikabaki, sina kazi. Nikienda, nani atamwambia matokeo? Ndivyo nilivyowaza, neno kwa neno.

Jioni nilipita kwa rafiki yangu Mama Espérance, mwenye saluni ya nywele Umbilo Road. Yeye ni wa Bukavu. Niliambiwa nisimwambie mtu, na nilimwambia. Hilo ni kosa langu, naliandika. Alikuwa anamsuka mteja, akasimamisha mkono.

"Weye iko mujinga?" aliniuliza. "Unakubali? Sema uzi inakatala kutoka! Sema mashine imeikamata! Bazungu ba mpira banajua nini juu ya sindano?"

"Si Wazungu. Na Bosi si mjinga."

"Basi sema jezi zimeibiwa. Minakuletea mwizi hapa hapa, kijana ya dada yangu haina kazi."

Mteja akacheka mpaka nywele zikamponyoka Mama Espérance. Na mimi nilicheka. Lakini niliporudi nyumbani sikucheka, kwa sababu lile la uzi kukataa lilikuwa limeingia kichwani mwangu, na lilikuwa limekaa vizuri.

Kufumua ni kazi nayo, na wengi wanaifanya vibaya. Usivute herufi. Geuza jezi, tafuta fundo upande wa ndani, likate kwa ncha ya wembe, kisha toa mshono mmoja mmoja kwa upande wa sindano wenye tundu. Ukivuta, kitambaa kinachanika, na kilichochanika hakisameheki. Mafundo ya Kashindi yalikuwa mara mbili, kama nilivyosema. Kila moja ilibidi nilikate mara mbili. Jezi ya kwanza ilinichukua muda wa saa mbili, zilizofuata mkono ukazoea. Herufi niliziweka kwenye kopo la biskuti. Sikuzitupa. Hakuna aliyeniambia nizitupe.

Nilipoinua ile jezi ya kwanza mbele ya dirisha, nilisoma DURBAN.

Nilidhani macho yangu yamechoka. Nikaigeuza, nikairudisha. Neno lilikuwepo. Kahawia ya jezi ilikuwa imefifia kwa jua la miaka miwili, ikawa kama chai yenye maziwa mengi. Lakini chini ya kila herufi, pale jua lilipokuwa halifiki, rangi ilikuwa ileile ya siku ya kwanza, nzito, kama udongo uliolowa. Herufi sita, zimesimama, na R imelala kidogo. Lile kosa langu la kutotandika shuka lilikuwa limeandika neno upya.

Niliendelea. Ya pili, ya tatu, ya kumi. Zote vilevile. Sikumwendea Bosi kumwambia, maana kazi niliyopewa ilikuwa kutoa herufi na nilikuwa ninazitoa.

Jumatano nahodha wetu, Sbu, aliingia kutafuta soksi. Alikuwa kijana wa Umlazi, mrefu, asiye na adabu ya kubisha hodi. Akaona jezi yake mezani.

"Ma, kwa nini jezi yangu haina jina?"

"Nimeambiwa nisiseme."

"Eish. Basi umeshasema." Akaishika jezi, akaisogeza dirishani. "Lakini Ma, mbona jina bado lipo?"

"Hilo sikuambiwa nisiseme. Ni jua."

Alikaa juu ya mashine. Jezi bila jina la mji alielewa maana yake ni kuhama, akaniuliza ni wapi tunapelekwa, sikumjibu, akataja miji akitazama uso wangu mpaka alipofika Polokwane. Sijui kuficha uso. Nilitegemea atakasirika. Hakukasirika.

"Mimi ningekwenda, Ma," alisema. "Wenye pesa wako huko. Nina mtoto. Hapa tunacheza mbele ya mashangazi na ndege." Kisha akasema, "Wewe je?"

"Mimi niko na mtu hapa."

Alijua ninamaanisha nani. Alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza. Alichukua soksi zake, akaondoka, na safari hii alifunga mlango taratibu.

Nataka mwelewe hilo, vijana. Si kila mtu alitaka kubaki, na waliotaka kwenda hawakuwa wabaya. Kwa hiyo ninaposimulia furaha yangu, najua ilikuwa yangu.

Alhamisi Bosi Faraji alikuja kukagua. Nilikuwa nimemaliza zote kumi na nane, nimezifua, nimezipiga pasi, nimezitandaza kwenye meza ndefu kama tunavyofanya kabla ya mechi, mikono imekunjwa nyuma, kifua juu. Alisimama mlangoni. Aliziangalia kutoka kushoto kwenda kulia, halafu akarudia. DURBAN, DURBAN, DURBAN, mpaka mwisho wa meza.

"Nimekuambia uzitoe."

Nilimwonyesha kopo la biskuti. Alitia mkono, akachota herufi za njano, zikamwanguka vidoleni.

"Sasa hii ni nini?"

Nikamweleza. Kivuli, shuka, jua, miaka miwili. Nilimwambia mume wangu angenionea aibu. Nilimwambia ni uzembe wangu na kama atanikata mshahara nitaelewa.

Hakujali hayo. Alipitisha kidole juu ya D moja.

"Inaweza kufichwa?"

Hapo ndipo penyewe, wanangu. Nimefanya kazi miaka mingi na niliulizwa maswali mengi, mengi yakiwa soksi ziko wapi. Lile ndilo swali pekee lililonipa shida. Kama ningesema haiwezekani, asingejua. Nani angejua? Jezi nyingine zisingepatikana kufikia Jumamosi. Mama Espérance alikuwa amesimama sikioni mwangu na kitana chake: sema inakatala, sema inakatala.

"Inawezekana," nikasema.

"Vipi?"

"Kwa rangi. Pamba inashika rangi vizuri. Nikipata kahawia nzito, nichemshe sufuria kubwa, nifumue namba za mgongoni kwanza ili zisiharibike, nichovye jezi zote pamoja, kisha nirudishe namba. Nikianza leo, Jumamosi asubuhi ziko tayari. Hakuna atakayeona kitu."

"Hakuna kabisa?"

"Labda mimi."

Alinitazama. Alikuwa na macho madogo ya mtu wa dukani, anayejua mteja anapomdanganya kuhusu kipuri.

"Mama, wewe unataka kwenda Polokwane?"

"Hapana, Bosi."

"Mume wako yuko hapa."

"Ndiyo."

"Na unanifundisha jinsi ya kuifanya."

"Umeniuliza kazi. Kazi naijua."

Akavuta kiti. Alikaa. Mashine moja ilikuwa inazungusha taulo, inagonga ukuta kama kawaida yake. Halafu akaanza kusimulia, si kwangu hasa, kwa meza.

Alisema alizaliwa upande wa Bluff, karibu na bahari, mahali ambapo watu wake walikuwa wamekaa tangu babu wa babu. Akiwa mdogo, serikali ya wakati ule ikasema mahali pale si pao tena, ikawapeleka Chatsworth. Lori lilikuja. Bibi yake, yule wa maneno manne, alipakia masufuria, akapakia mkeka, akapanda. Walipofika Chatsworth alikuta nyumba ya matofali, yenye namba mlangoni. Watu walimpongeza kwa nyumba. Yeye kila asubuhi alitoka nje na kusimama akielekea Bluff, kwa muda wa kikombe cha chai, kisha akaingia ndani kufanya kazi zake. Alifanya hivyo mpaka alipokufa.

"Niliianzisha hii timu ili Chatsworth pawe na kitu ambacho watu wamekichagua wenyewe," alisema. "Sasa mimi ndiye ninayeita lori."

Nilisogeza kopo la biskuti karibu naye.

Aliinuka. Akakusanya zile herufi za njano zilizodondoka sakafuni, moja moja, akipiga magoti na suruali yake nzuri, akazirudisha kwenye kopo.

"Ziache kama zilivyo," akasema. "Watacheza nazo hivi Jumamosi. Wale watu nitawapigia simu mwenyewe."

"Wasije?"

"Waje wakitaka. Chai nitawapa. Timu siwapi." Alipofika mlangoni aligeuka. "Mama. Lala."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Lakini nilimwelewa.

Nilifunga mlango, nikakaa tena juu ya begi la soksi. Tangu Jumatatu sikuwa nimejua kwamba nimebana kifua. Niliachia pumzi, nikavuta nyingine, na ile ya pili ilishuka mpaka chini kabisa. Nililia kidogo. Kisha nikazima mashine, kwa sababu taulo zilikuwa tayari.

Jumamosi ile tulicheza kwa jezi zisizo na herufi lakini zenye jina. Wale wageni hawakuja. Mashabiki wetu walichukua dakika kumi kuelewa wanachokiona. Baadaye mwanamama mmoja mwenye mwavuli akapiga kelele kutoka jukwaani, "Wameifua mpaka imebaki kivuli!" na uwanja wote ukacheka, hata mwamuzi. Tulitoka sare. Sbu ndiye aliyesawazisha, kwa kichwa. Aliposhangilia alikimbia kuelekea chumba cha kufulia, ambako mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo, akagonga kifua pale palipo na neno.

Sitawadanganya kwamba jezi iliokoa timu. Bosi Faraji alikuwa na sababu zake nyingine, na sikuzijua zote. Msimu uliofuata tulishuka daraja. Sbu aliondoka, akapata timu mji mwingine, na alinitumia picha ya mtoto wake amevaa soksi za baba mpaka mapajani. Bosi alipunguza duka. Timu ikabaki ndogo, ya mashangazi na ndege, lakini ikabaki Chatsworth, na Jumapili niliendelea kupanda makaburini na matokeo. Mengi yalikuwa mabaya. Kashindi aliyasikia yote.

Siku hizi mambo ni rahisi. Herufi zinachapwa kwa joto, dakika moja kila jezi, na zikibanduka unachapa nyingine. Sioni ubaya. Anayewaambia kazi ya zamani ilikuwa bora, mwulizeni kama amewahi kufua soksi thelathini na sita kwenye bafu moja. Ila jifunzeni kushona hata hivyo, kwa sababu mashine ya kuchapa ikiharibika, wachezaji hawataingia uwanjani uchi. Na kausheni kivulini, ndani nje. Mimi nilikosea miaka miwili na kosa likanifaa mara moja. Msilitegemee.

Wiki ile ile baada ya mechi nilishusha shuka kutoka juu ya kabati. Nilipanda nalo juu ya paa, nikalitandika juu ya kamba, nikakaa chini ya kivuli chake na kopo la biskuti na sindano. Sikuhitaji kupima wala kuchora mstari. Alama za Kashindi zilikuwa hapo kwenye kitambaa, na matundu ya sindano yake pia. Niliweka kila herufi juu ya mahali pake, nikapitisha uzi mulemule alimopitisha yeye. Fundo nilifunga mara mbili. Mkasi niliuacha chini kwenye flati makusudi.

Nilipofika kwenye R ya kwanza, kwa mazoea ya mtu anayependa vitu vinyooke, nilitaka kuisimamisha. Mkono ulikuwa umeshaanza. Nikaurudisha. Niliifuata alama, nikaiacha ilale.